Seti ya wembe wa kukunja kwa anayeanza: wembe wenyewe ndo kitu cha bei rahisi, makali ndo yanakula hela

Wakuu salama? Kuna hizi seti za kunyolea za kizamani zimejaa mtandaoni siku hizi, wembe mrefu wa kukunja, mkanda wa ngozi, brashi, bakuli la stenlesi, kisabuni na kapasta ka kijani, vyote kwenye boksi moja wameandika eti ni la wanaoanza. Nimeagiza moja ikaja kutoka China, na usafiri imenitoka kama elfu tisini hivi. Muuzaji simtaji, na hata ningemtaja isingekusaidia maana boksi hizi ni zilezile, linalobadilika ni jina juu ya kifuniko. Naandika kwa sababu kila anayeuona wembe kwangu swali la kwanza ni bei ngapi, na bei ya boksi siyo bei ya kuanza kunyoa, hata nusu yake haifiki.

Tuanze na wembe. Kwa macho ni mzuri bana, chuma kizito, mpini wa plastiki, upana 6/8, yaani sehemu sita za nane ya inchi, ndo wanavyopima hizi nyembe na 5/8 na 6/8 ndo saizi anazoshauriwa mtu mgeni. Ila makali uliokuja nayo ni ya kufungulia bahasha. Hapo muuzaji hajakuibia kihivyo, nyembe nyingi za bei ya chini zinatoka kiwandani zikiwa na umbo la wembe tu, kunolewa kwa ajili ya uso ni kazi ya mtu kukaa na jiwe na hiyo kazi haipo ndani ya elfu tisini. Jipimie mwenyewe, wembe ulio tayari ukiupitisha juu ya vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi vinakatika. Huu vinalala tu vinaupisha.

Sasa hapo ndo mahesabu yanapoanza. Jiwe. Siyo lile la dukani la kunolea panga, lile litaung'oa ukingo wote, na tafadhali usimpe yule jamaa anayepita mtaani na baiskeli ya kunolea visu, wembe huu ubavu wake umechimbwa ukawa mwembamba sana kuelekea kwenye makali na gurudumu linazalisha joto, chuma kikishapata moto pale kimekwisha, hakishiki makali tena. Unatakiwa uwe na jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, jiwe linakuwa laini zaidi) la kutengeneza ukingo, halafu 4000 na 8000 (Norton wana moja lenye pande zote mbili), na wengi wanamalizia na 12000 kama la Naniwa. Haya ya Norton na Naniwa yanacheza laki mbili na kitu kila moja, hapo hujagusa usafiri na ushuru. Yaani jiwe moja ni boksi mbili na chenji. Na ukishakuwa nayo bado hujui kunoa, japo kunoa kwenyewe kimaelezo ni rahisi, unaulaza wembe kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, mgongo ndo unaopanga pembe kwa hiyo huhitaji kukisia. Shida inakuja kwenye hizi za bei chee, mgongo haujanyooka au ubapa umepinda kidogo tu, basi upande mmoja unagusa kisigino, yaani mwisho wa makali karibu na mpini, mwingine unagusa ncha, unanoa usiku kucha.

Njia ya masikini jeuri ipo. Karatasi laini za kunolea, za mikroni 3 na mikroni 1 (ndo kipimo cha chembe zake), unazilaza juu ya kipande cha kioo na maji kidogo, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mawe na makali yanatoka safi kabisa. Mimi ndo nilichofanya na wembe wa boksi ukakubali, sasa unanyoa. Lakini zinachakaa, na kama ukingo haujatengenezwa vizuri tangu mwanzo karatasi hazitakuokoa.

Kapasta ka kijani ni kromiamu oksaidi, kako sawa, kanapakwa kwenye kitambaa au ngozi ya pembeni kuamsha makali yaliyoanza kulala. Usikapake kwenye mkanda unaotumia kila siku.

Mkanda wenyewe sasa. Wa kwenye seti ni mfupi, mwembamba, na ule upande wa ngozi una kama rangi ya kung'aa juu, wembe unateleza bila kushika. Mkanda haunoi, kazi yake ni kuunyoosha ule ukingo ambao macho hayauoni, unapitisha mara thelathini mpaka hamsini kabla ya kila kunyoa, mgongo ukitangulia, na ukifika mwisho unaugeuza wembe kwa mgongo siyo kwa makali, ukigeuza kwa makali umekata mkanda. Mimi nilienda kwa fundi viatu nikamwambia anikatie ngozi ya ng'ombe nene, laini, isiyo na rangi, upana wa vidole vinne, akashonea na pete ya kuning'iniza, elfu kumi na tano, na unaupiga bao huu wa boksi mbali sana. Kwa hiyo wadau, mkanda usiagize nje.

Brashi ni ya nyuzi za plastiki, wengine wanaidharau wanataka nywele za mnyama, mimi naipenda, inakauka haraka na haina harufu na povu linatoka la kutosha. Hii ndo sehemu ya seti iliyonifurahisha. Angalizo, ukienda Kariakoo ukaomba brashi ya kinyozi utapewa ile ya kupangusia nywele shingoni, siyo hiyo. Sabuni ya kwenye boksi tupa. Sabuni ya kuogea nayo usijaribu, povu linakauka kabla hujafika kidevuni na wembe huu ngozi kavu hausamehe. Chukua krimu ya kunyolea ya supamaketi au ukipata Arko, ile ya kijiti ya Kituruki, ni rahisi na inadumu. Baada ya kunyoa, jiwe la shabu, linauzwa kwa wale wa viungo na dawa za asili kwa hela ya maji, lowesha pitisha usoni, damu ndogondogo zinakata palepale na utajua kwa mwasho wake wapi ulikandamiza sana.

Kuna kitu cha watu wa Pwani hakiandikwi kwenye hayo maboksi. Chuma hiki kinapata kutu. Na hewa yetu ya Dar, au Tanga, au Mombasa, ukiacha wembe bafuni usiku mmoja asubuhi una madoa, na doa likikaa kwenye makali ujue ni jiwe tena. Kausha, paka tone la mafuta ya cherehani, weka chumbani. Kichupa kimoja utakaa nacho mpaka ukisahau.

Sasa mtu ataniuliza, ya nini yote hayo? Kwa wenye nywele za kipilipili sababu ipo na ni vipele. Zile mashine za nyembe tatu tatu zinavuta unywele zinaukata chini ya ngozi, ukianza kuota umejikunja unajichoma ndani, ndo vile vinundu vya shingoni. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi. Ila siyo dawa, ukinyoa kinyume na ulalo wa nywele na kuivuta ngozi sana utavipata vilevile, na mimi shingo imetulia tangu nianze lakini najua pia nimeacha tamaa ya kunyoa mpaka ngozi iteleze.

Lakini kwa faida hiyohiyo kuna njia ya elfu ishirini. Ile ya vinyozi, mpini wa kukunja wa kuweka nusu wembe, unavunja wembe wa kawaida katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unachomeka, unanyoa, unatupa. Paketi ya nyembe tano ni jero mpaka buku na inakupa mara kumi. Hakuna jiwe, mkanda wala kutu. Vinyozi waliiacha ile ya kunoa kwa sababu ya magonjwa, wembe hauchangiwi, na kila mteja anataka kuona karatasi ikifunguliwa mbele yake. Ubaya wake ni mwepesi mno na mkali mno, mkono ukikosea umeshachanjwa, wakati wembe mzito ulionolewa vizuri unapita kwa upole zaidi. Hili nalisema wazi maana wengi wanaamini ile ya vinyozi ndo ya kujifunzia na ngumu ni hii nyingine.

Kwa hiyo kama una elfu tisini usinunue seti. Nunua ya nusu wembe, brashi ya plastiki, krimu na shabu, chenji inabaki. Ukishaupenda mchezo ndo utafute wembe wa maana, mfano Dovo wa Solingen kule Ujerumani (jina la Solingen linalindwa kisheria, haliandikwi kwenye kisu kilichotengenezwa kwingine), bei inaenda laki nne na zaidi, au uliotumika ambao mwenye nao ameshaunoa, na muulize kwanza kama uko tayari kwa uso, asikujibu "mkali sana" tu.

Seti yangu ya boksi naipa mbili juu ya tano, zote mbili za brashi. Bakuli la stenlesi limeshahamia jikoni, lina pilipili ya kusaga.