Ufutaji wa ujumbe katika makundi: WhatsApp na Telegram
Tangu mwaka 2022 WhatsApp imempa msimamizi wa kundi uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na kwa makundi ya wazazi, ya vikoba au ya mtaa, ambayo huvamiwa na matangazo ya utapeli, uwezo huo ulihitajika mno. Ninachokisifu zaidi ni kwamba kitendo chenyewe hakifichwi: mahali pa ujumbe hubaki taarifa inayomtaja msimamizi aliyeufuta, hivyo mwenye malalamiko anajua wa kumwuliza. Kasoro yake, ambayo naiona kubwa, ni kwamba hakuna nafasi ya kuandika sababu, na ugomvi huanzia hapo hapo, kwa kuwa aliyefutiwa hudhani amenyamazishwa kwa chuki hata pale alipovunja kanuni iliyo wazi. Telegram hutunza kumbukumbu ya ujumbe uliofutwa kwa saa 48, lakini wanaoweza kuisoma ni wasimamizi peke yao. Kwa kundi linaloshughulika na fedha za watu ningechagua WhatsApp, mradi kanuni ziandikwe kwenye maelezo ya kundi na wasimamizi wasipungue wawili.