Goldfinger (1964): Gari Lina Kila Kitu, Jasusi Anakamatwa Vilevile

Karibuni, watazamaji. Leo tunachambua Goldfinger, filamu ya tatu ya James Bond, iliyoongozwa na Guy Hamilton, dakika 110. Nitataja mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaitazama, simamisha video hapa kwanza.

Gari ndilo linalokumbukwa na wengi, basi tuanze nalo. Aston Martin DB5. Desmond Llewelyn, yule fundi anayeitwa Q, anamwelekeza Bond kifaa kimoja baada ya kingine: vibao vya namba vinavyozunguka, ngao ya risasi inayopanda nyuma, moshi, mafuta ya kumwagwa barabarani, bunduki zinazochomoza nyuma ya indiketa za mbele. Kitufe cha kiti kinachomrusha abiria juu kimefichwa ndani ya kirungu cha gia. Angalia jinsi Llewelyn anavyoeleza kwa uchovu, kama mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi mtundu. Ndiyo maana vifaa vile havihitaji maelezo tena vinapoanza kutumika.

Sasa hesabu vimemsaidia nini. Usiku ule kiwandani kwa Goldfinger, yule tajiri mhalifu anayewindwa na Bond, moshi unafanya kazi, mafuta yanafanya kazi, kiti kinamtupa mlinzi nje kupitia paa. Halafu Bond anaona taa za gari linalomjia, anakwepa na kugonga ukuta. Zilikuwa taa zake mwenyewe kwenye kioo! Gari lote lile limeshindwa na kioo.

Kifaa cha kufuatilia nacho kina kasoro. Q anasema kinashika mawimbi hadi maili 150, yaani kama kilomita 240. Kitu cha kuingia kwenye kisigino cha kiatu, chenye betri ndogo vile, chini kwenye mabonde ya milima ya Uswisi? Hapana. Milima inazuia mawimbi, na hata kwenye tambarare mkunjo wa dunia ungeyakata mapema zaidi. Lakini mwandishi amekitumia kwa akili: Bond anakitia mfukoni mwa mtu mwingine, mtu anauawa, gari lake linasagwa na mashine likawa bonge la chuma, na mawimbi yanakatika.

Leza, ule mwale wa mwanga unaomkaribia Bond akiwa amefungwa kwenye meza ya dhahabu, ndiyo bora kuliko vyote. Leza ya kwanza duniani iliwaka mwaka 1960, kwa hiyo watazamaji wa 1964 walikuwa wanaona kitu kipya kabisa. Katika riwaya ilikuwa msumeno wa duara. Kubadilisha kulikuwa uamuzi mzuri. Kasoro zake? Mwanga wa leza hauonekani kwa ubavu mpaka hewa iwe na vumbi au moshi, na ule mstari mwekundu uliongezwa baadaye kwenye picha. Cheche ni za kweli: fundi alikaa chini ya meza akikata kwa moto wa gesi. Tena dhahabu ni ngumu kukatwa kwa leza, kwa sababu inaakisi mwanga na kusambaza joto haraka. Bond haokolewi na kifaa hapo. Anaokolewa na mdomo, kwa kutaja jina la mpango wa Goldfinger alilolisikia kwa siri.

Bomu la mwisho, lililotegwa ndani ya Fort Knox, ghala la dhahabu la Marekani, ni vilevile: Bond hajui kulizima, anakuja mtaalamu anabonyeza swichi moja. Saa ya bomu imesimama kwenye 007, lakini Bond anazungumza kana kwamba zilibaki sekunde tatu. Tarakimu zilibadilishwa baadaye, maneno yakabaki. Kwenye fizikia filamu inashangaza. Goldfinger anataka dhahabu ya Fort Knox iwe na mionzi kwa miaka 58. Dhahabu yenyewe ikipigwa na nyutroni, chembe zinazorushwa na mlipuko, haibaki na mionzi kwa muda mrefu: mionzi yake hupungua nusu kila siku 2.7. Kobalti ya bomu ndiyo hukaa: hupungua nusu kila miaka 5 na miezi 3 hivi. Katika miaka 58 hupungua nusu mara kumi na moja, inabaki sehemu moja kati ya elfu mbili. Namba ile haikuokotwa hewani.

Waigizaji. Gert Fröbe, Mjerumani anayeigiza Goldfinger, hakukijua Kiingereza vizuri; sauti unayosikia ni ya Michael Collins. Tazama midomo kwenye picha za karibu. Hata hivyo tabasamu na mwili ni vyake, na ndivyo vinavyotisha. Harold Sakata, mlinzi wa Goldfinger mwenye ile kofia ya ukingo wa chuma, alipata medali ya fedha ya kunyanyua uzani kwenye Olimpiki ya London, 1948, na uzito wake unaonekana hata akisimama tu. Honor Blackman, anayeigiza rubani wa Goldfinger, ndiye pekee anayemjibu Sean Connery, Bond mwenyewe, bila kumwogopa. Connery mwenyewe yuko kwenye kilele chake, sina la kuongeza.

Muziki ni wa John Barry, na wimbo wa mwanzo umeimbwa na Shirley Bassey. Sikiliza tarumbeta na tromboni: zinabeza, zinapiga noti mbili kisha zinafoka. Barry anaurudisha wimbo huohuo ndani ya filamu, mara taratibu, mara kwa ngoma za kijeshi pale ndege zinapoelekea Fort Knox. Sauti ya asili ya filamu ni ya mkondo mmoja (mono). Nakala yako ikikupa chaguo hilo kwenye menyu ya sauti, lichukue, kwani kwenye mchanganyiko wa spika nyingi baadhi ya milio hutawanyika na pigo la tarumbeta na tromboni hupoteza ukali.