Crown ya 2.5 au ya 3.5? Anza na Ubavu wa Tairi

Hela ya korosho ikianza kuingia, malalamiko ya wanunuzi wa Toyota Crown huwa yale yale, Mtwara mjini hadi Masasi. Mtu kanunua toleo la Athlete, kaongeza mamilioni juu ya bei ya toleo la Royal Saloon kwa sababu dalali kamwambia, "Bosi, hii ndiyo yenye mbio." Kabla mvua hazijakatika rimu mbili zimepinda, ya tatu imelehemiwa, na mlima wa Newala gari linaupanda kwa kuhema kama Royal ya jirani. Siku ya kubadilisha oili fundi anasoma kibao chini ya boneti: injini ni ya lita 2.5. Ile ile ya Royal.

Kwa hiyo hapa hakuna habari za rangi, viti vya ngozi wala skrini. Hayo macho yanatosha. Ulaji wa mafuta nao tuuache. Anayetaka injini ya silinda sita (V6) halafu anaulizia kilomita kwa lita, IST zipo nyingi. Na upendeleo usifichwe: mwongozo huu ni wa Crown, na magari mengine yatapita harakaharaka.

Athlete ni sura

Toyota iliitoa Crown kwa nyuso mbili: Royal, iliyolainishwa kwa ajili ya abiria wa nyuma, na Athlete, yenye springi ngumu kidogo, uso wa ukali na rimu kubwa. Injini ni habari nyingine kabisa. Nyuso zote mbili ziliuzwa na V6 ya 2.5, inayoitwa 4GR-FSE, yenye nguvu farasi 203 au 215 kulingana na mwaka. Toleo la nguvu kweli ni Athlete ya 3.5, injini 2GR-FSE, farasi 315. Katikati ipo 3.0 ya Royal, 3GR-FSE, farasi 256.

Nembo ya nyuma inabanduliwa na kubandikwa kwa gundi. Herufi za mwanzo za namba ya chasisi hazibanduliwi. Zisome kwenye kibao cha bati chini ya boneti, kisha zilinganishe na kadi ya gari. Kizazi cha 2003 hadi 2008: GRS180 ni 2.5, GRS182 ni 3.0, GRS184 ni 3.5. Kizazi cha 2008 hadi 2012: GRS200, GRS202 na GRS204 kwa mpangilio huo huo. Kilichofuata: GRS210 ni 2.5, GRS214 ni 3.5, ARS210 ni 2.0 ya turbo, AWS210 ni haibridi. Namba inayoishia na 1, kama GRS201, ni 2.5 inayovuta miguu yote minne; ya nini huku kusiko na theluji? Kwenye kadi, ujazo wa 2.5 utaandikwa 2499, wa 3.5 utaandikwa 3456. Kama kadi inasema 2499 na dalali anasema "injini kubwa," aliyekosea siyo kadi.

Mark X nayo ina mchezo huo huo: GRX130 ni 2.5 na GRX133 ni 3.5, na ipo 250G yenye bampa na rimu za kimichezo ambayo ndani ni 2.5 tupu.

Ubavu

Hapa ndipo hela inapopotelea, na hakuna muuzaji anayepagusa.

Tairi la Royal Saloon ya kawaida limeandikwa 215/60R16. La Athlete limeandikwa 225/45R18. Namba ya katikati ni asilimia: unene wa ubavu ukilinganishwa na upana wa tairi. Asilimia 60 ya 215 ni milimita 129. Asilimia 45 ya 225 ni milimita 101. Umepoteza milimita 28 za mpira na hewa kati ya rimu na shimo. Wala usidhani rimu kubwa imekuinulia gari: tairi zima la Royal lina kipenyo cha milimita 664, la Athlete 660. Gari halikupanda juu hata kidogo. Kilichoongezeka ni chuma, kilichopungua ni mpira.

Sasa litie gari hilo kwenye barabara zetu. Malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, ya saruji yanatoka kiwandani, na msimu ukifika ya korosho yanaongezeka. Lami inabonyea pale yanapopita magurudumu, na kingo zinamegeka na kubaki kali kama kipande cha tofali. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 na barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, kila gari lilionja mchepuko. Ukigonga ukingo wa namna hiyo, ubavu wa milimita 129 unajikunja, unameza pigo, unarudi. Ubavu wa milimita 101 unabanwa mpaka mdomo wa rimu unagota ukingo wenyewe. Matokeo ni mawili. Rimu inapinda au inapasuka upande wa ndani, usikoona. Au nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika, na baada ya siku mbili tatu unaona nundu kama yai kwenye tairi. Nundu haizibwi. Tairi hilo limekwisha, hata kama lina kashata mpya.

Kuna na uzito. Tairi la 16 la vipimo hivyo kwa kawaida limeandikwa 95, maana yake linabeba kilo 690. La 18 limeandikwa 91, kilo 615. Watu watano, mizigo ya safari na gunia la korosho buti: piga hesabu mwenyewe.

Kununua nako kuna kazi. Tairi za inchi 16 unazikuta maduka ya kawaida mjini. Za 18 zenye ubavu wa 45 mara nyingi huagizwa Kariakoo na kuja na basi, ama unauziwa mtumba. Mtumba usome tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa umri huo kwenye jua la pwani huwa na nyufa nyembamba karibu na rimu. Ukunje kwa kidole gumba uzione.

"Si nitabadilisha rimu tu?" Inategemea injini, na hapa wengi wanaumia. Athlete ya 2.5 mara nyingi hupokea rimu za 16 za Royal: matundu matano, 5 kwa 114.3. Jaribu moja ya mbele kwanza, kaza nati, izungushe kwa mkono, sikiliza kama inasugua kaliper ya breki. Athlete ya 3.5 ina kaliper kubwa za pistoni nne mbele, na rimu ya 16 haipiti juu yake. Mwisho wako ni 17. Funga 215/55R17: ubavu milimita 118, kipenyo 668, spidomita itatofautiana kwa asilimia moja na kidogo tu. Siyo 129, lakini milimita 17 ulizorudisha zinatosha kuokoa rimu nyingi.

Wakati wa kukagua, gari lipandishwe jeki, gurudumu moja moja. Zungusha, shika kijiti karibu na mdomo wa rimu. Mwanya ukifunguka na kufumba, rimu imepinda. Kisha lala chini uangalie upande wa ndani. Rimu ikishapigwa rangi na kung'arishwa kwa mbele inapendeza sana; ndani utakuta mshono wa kulehemu umevimba kama kovu, wakati mwingine umepakwa rangi ya fedha juu juu. Pakaza maji ya sabuni hapo. Mapovu yakichemka, rimu inavuja.

Kaboni: hapa ya 3.5 inashinda

Haki itendeke. 4GR na 3GR zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, basi moshi wa oili unaganda juu yake mwaka hadi mwaka. Dalili: asubuhi, injini ikiwa baridi, gari linatetemeka kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), kisha linatulia likipata moto. Dawa ya kumimina kwenye tenki haisaidii chochote kwa hilo, kwa sababu petroli haipiti kwenye valvu hizo. Kazi yenyewe ni kufungua manifodi, kuhakikisha valvu za silinda husika zimefunga, kuloweka, kusugua, kunyonya uchafu wote kabla ya kuzungusha injini. Fundi akikuambia atapuliza dawa kwenye throto dakika kumi amalize, huyo anaosha mlango na nyumba haingii.

2GR-FSE ina nozeli 12: sita ndani ya silinda, sita kwenye njia ya hewa. Hizo sita za pili ndizo zinazoosha valvu. Ndiyo maana 3.5 iliyotunzwa inaweza kuwa na silensa tulivu kuliko 2.5 ya mwaka ule ule. Kwa injini zote, chungulia pampu ya maji mbele, nyuma ya mkanda: ukoko wa pinki ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja. Oili ni lita 6 na kidogo. Dalali anayesema "galoni moja inatosha" ameshaharibu injini ya mtu. Na ukiona plagi ya waya juu ya shokapu, hiyo ni AVS, shokapu inayobadilisha ugumu kwa umeme. Bei yake si ya shokapu za kawaida, ulizia kabla ya kutoa hela.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni Royal Saloon ya 2.5, GRS200, ikiwa bado na rimu zake za 16. Kwa anayeishi Mtwara au Lindi mjini na kwenda Dar mara chache, hakuna toleo linalomfaa zaidi. Isikilize asubuhi ikiwa baridi, ikague valvu, basi.

Ya pili ni Athlete ya 3.5, GRS204, kwa sharti la kushushwa hadi 17 kabla ya safari ya kwanza ndefu. Hii si anasa kwa mtu anayepanda Newala kila wiki au anayekimbizana na malori kuelekea Kibiti. Ukiwa nyuma ya lori la makaa na nafasi ya kulipita ni fupi, msukumo wa Nm 377 dhidi ya 260 unakutoa upande wa kulia mapema, na huo ndio usalama. Lakini iwe GRS204 kweli.

Ya tatu, kwa mwenye bajeti, Athlete ya 2.0 turbo, ARS210, iliyoanza 2015: farasi 235, msukumo Nm 350, gia nane. Inabeba lawama ile ile ya rimu za 18, na turbo haitaki mchezo wa kuchelewesha oili.

Mark X 250G ya rimu za 16 ni ya nne. Gari zuri, siti ya nyuma ndogo.

Ya mwisho kabisa ni Athlete ya 2.5 kwenye rimu za 18, ile inayouzwa kuliko zote. Injini ya toleo la chini, kaboni ya toleo la chini, tairi na springi za toleo la juu, na bei iliyopanda kwa ajili ya jina. Umelipia ubaya wa pande zote mbili.

Mercedes ya W204: C180, C200 na C250 CGI zote ni injini moja ya CC 1796, zimetofautishwa kwa kurekebisha tu, na mnyororo wake wa tayimingi unajulikana kwa kuchakaa. BMW E90 nyingi hazina spea, zimewekewa tairi la kutembea bila hewa. Ukipasukiwa Nangurukuru usiku, shauri yako. Grande, Brevis na Verossa za Toyota kama hela ndiyo hiyo, sawa.

Kuhusu bei

Kisingizio kinachokera ni cha kodi. "3.5 ina kodi kubwa, ndiyo maana." Ushuru wa bidhaa unaruka kwenye CC 2000: zaidi ya 1000 hadi 2000 asilimia 5, juu yake asilimia 10. 2499 na 3456 ziko kapu moja. Uchakavu nao ni ule ule, asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, na kizazi chote cha 2008 hadi 2012 kimeshapita. Tofauti inatoka kwenye thamani ya gari lenyewe, na kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni bure, weka mwaka na modeli uone. Inayonufaika na CC ni turbo ya 2.0 peke yake.

Halafu ile tabia ya bei kupanda minada ya korosho ikianza Oktoba. Gari lile lile lililokaa juani tangu Juni, vumbi la yadi halijafutwa, Novemba limeongezwa bei na tangazo limeandikwa "bei maelewano." Anayeweza kusubiri anunue Machi au Aprili, wakati yadi zimejaa na wateja wamekwenda palilia. Mvua nazo zinakusaidia: omba mfanye jaribio kwenye barabara mbovu, madirisha yamefungwa, redio imezimwa.

Ukikubaliana bei ya Athlete, ulizia pia lilikotoka lile tairi la spea. Kama ni lile jembamba la muda, mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na kati ya Mtwara na Lindi pekee kuna zaidi ya kilomita 100. Dai rimu kamili ya tano kabla hujasaini, maana baada ya hapo simu haipokelewi.