Kabla ya Kuuliza Inakimbia Ngapi: Mwongozo wa Kununua Kupee ya Mtumba Ukiwa Mwanza

Mwaka juzi nilinunua kupee, yaani gari la milango miwili, ya Kijerumani ambayo sitaitaja jina, katika yadi ambayo pia sitaitaja, kwa sababu moja ambayo hata leo naona aibu kuiandika: dalali aliniambia kwamba inafika 260. Alisema hivyo huku amegusa mwisho wa spidomita kwa ukucha, nami, mtu mzima mwenye mkopo wa benki, nikatikisa kichwa kukubali. Wiki ya pili nilikuwa narudi kutoka Magu, na mvua ikanikutia Kisesa. Maji yakaanza kunidondokea kwenye bega la kulia, tone moja moja, kutoka pale kioo cha mlango kinapokutana na paa. Fundi niliyempelekea alizunguka gari mara moja, akapitisha ukucha kati ya kioo na raba, na ukucha wote ukazama. "Dada," akaniambia, "hapa umeuziwa filimbi."

Naandika "kupee" kwa e mbili makusudi. Baba yangu mdogo, ambaye amefuga ng'ombe maisha yake yote, nilipomwambia kwa simu kwamba nimenunua kupe, alinyamaza kidogo kisha akauliza kama nimekosa dawa ya kuogesha.

Nianze na hilo la mbio, kwa kuwa ndilo linalowapotezea watu fedha. Namba ya mwisho kwenye spidomita si ahadi ya mtu yeyote. Magari ambayo Wajapani huyatengenezea soko lao, na ndiyo mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam, hufungwa kidhibiti mwendo kwenye 180, na hadi mwaka 2004 makampuni ya huko yalikuwa na makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe ya kutotangaza gari lenye nguvu farasi zaidi ya 280. Magari ya Kijerumani yenye nguvu hufungwa kwenye 250. Juu ya hayo, kanuni ya kimataifa ya spidomita hairuhusu mshale uonyeshe pungufu ya mwendo halisi, lakini inauruhusu uzidishe kwa hadi asilimia 10 na kilometa 4 juu yake, kwa hiyo gari linalotembea 180 za kweli linaweza kumwonyesha dereva 200 na ushee, akapiga picha, akaipeleka kijiweni, na ubishi wa wiki nzima ukaanzia hapo. Anayetaka kujua mwendo wake halisi atazame kipimo cha satelaiti kwenye simu ya abiria wake.

Kuna jambo jingine ambalo wabishi wetu hulisahau kwa kuwa wamezaliwa nalo. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Farasi 333 walioandikwa kwenye karatasi za Nissan Skyline hufika Nyegezi wamebaki kama 300. Injini ya turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ndiyo maana BMW 335i hapa huwaacha wenzake wasio na turbo kuliko hesabu za karatasi zinavyosema. Ukishamaliza hesabu zote hizo utakutana na kibao cha 50, matuta, rasta, halafu matuta tena, na askari wa tochi chini ya mwembe akiwa na faini yake ya 30,000.

Sasa nirudi kwenye kioo, na msomaji anisamehe, kwa sababu nitakaa hapo.

Karibu kupee zote za kifahari zina milango isiyo na fremu juu ya kioo. Ukivuta kitasa, swichi ndogo ndani ya kufuli huiambia kompyuta ya mlango ishushe kioo kiasi cha sentimita moja, ili kitoke kwenye raba bila kuikwaruza. Ukifunga, kioo hupanda tena na kujichomeka kwenye raba ya paa. Mfumo huo wote unategemea swichi, mashine ya kioo, raba na betri nzima, na gari linalokaa yadi miezi sita huwa limekosa angalau kimoja. Betri ikifa au ikichomolewa, kompyuta nyingi husahau mahali kioo kinapoishia. Kinabaki juu mlango unapofunguliwa, na kijana wa yadi, ambaye hufungua na kubamiza milango mara ishirini kwa siku akiwaonyesha wateja, anakata raba bila kujua. Raba ikishakatika, wenye maduka hukuuzia ile inayopimwa kwa mita, wanaibandika kwa gundi, na mlango unaanza kudai ubamizwe kwa nguvu, jambo ambalo linaimaliza mashine ya kioo.

Athari yake huonekana pale pale watu wanapobishania, yaani kwenye mwendo. Gari likienda kasi, hewa inayopita ubavuni hupunguza shinikizo la nje, na kioo kisichoshikwa na fremu huvutwa kutoka kwenye raba, hasa ile kona ya juu ya nyuma. Kwenye 80 unasikia mnong'ono, kwenye 100 ni mluzi, na kwenye 120 mnaanza kupigiana kelele na mtu aliyekaa pembeni yako. Langu lilikuwa na nguvu za kutosha, lakini kwa miezi minne sikuwahi kuliendesha zaidi ya 90, kwa kuwa masikio yalikataa. Asubuhi moja baada ya wale wadudu wa ziwani kupita kama wingu la moshi, nilifungua mlango nikakuta mstari wa wadudu waliokufa umepangwa juu ya kiti cha dereva, umenyooka kama umechorwa kwa rula, chini ya ule upenyo. Mashine ya kioo kutoka Dar es Salaam ilinigharimu laki nne na nusu, na raba halisi ikazidi hapo.

Kwa hiyo nendeni na noti ya elfu moja. Ifungieni mlangoni, nusu ndani na nusu nje, kisha ivuteni taratibu. Rudieni kila baada ya kiganja kimoja, kuanzia kwenye kioo cha pembeni hadi nyuma. Mahali inapoteleza bila kushikwa ndipo maji yatakapopita. Fungueni mlango kidogo kidogo mkitazama kioo: kisiposhuka, muulizeni muuzaji kama betri ilichomolewa, na pandisheni kioo hadi mwisho mkiendelea kushikilia swichi kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa magari mengi hukumbuka tena kwa njia hiyo. Kisipokumbuka, hiyo ni hitilafu. Kisha inueni mlango ukiwa nusu wazi. Milango ya kupee ni mirefu na mizito, na hapa kwetu magari huegeshwa kwenye miteremko ya Isamilo na Capri Point, ambako mlango hujifungua wenyewe na kuning'inia kwenye bawaba. Mlango ukicheza juu na chini, kioo hakiwezi kukaa sawa hata mkinunua raba mpya. Mwisho, lipeni wenyewe gari lioshwe kwa mashine ya maji, mmoja wenu akiwa ndani. Muuzaji akikataa gari lisiende kuoshwa, mrudishieni ufunguo.

Katika mpangilio wangu ya kwanza ni Lexus RC, na sitajifanya sina upendeleo. Ilianza kuuzwa mwaka 2014. RC 350 ina injini ya V6, yaani ya silinda sita, ya lita 3.5 isiyo na turbo, yenye nguvu farasi 318 kwa toleo la Kijapani, na giaboksi ya gia 8. RC 200t, iliyokuja kuitwa RC 300, ina lita 2 na turbo, nguvu farasi 245. Kwa mkazi wa Mwanza ningechagua hiyo ya lita 2 bila kusita: turbo inavumilia hewa yetu, na injini yake haivuki cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 badala ya 10. Kwenye karatasi ni nzito na haina haraka ya kutisha. Hata hivyo, katika RC tatu nilizozipima kwa noti, noti iling'ang'ania kila mahali, na moja kati ya hizo ilikuwa imeshatembea kilometa 110,000. Viti vya nyuma ni vya kuwekea mkoba.

Ya pili ni Mercedes-Benz E-Class ya milango miwili, ile ya 2009 hadi 2017 inayojulikana kwa namba C207. Haina nguzo ya katikati, kwa hiyo kioo cha mlango hukutana na kile cha ubavuni nyuma yake, na mna upenyo wa ziada wa kuupima. Ikiwa nzima, hakuna gari katika orodha hii linalopendeza kuliko hilo vioo vyote vinne vikiwa chini, jioni, katika barabara ya Capri Point. E 350 ina mbio; E 250 ya awali, yenye lita 1.8, isikilizeni inapowashwa ikiwa ya baridi, kwani mnyororo wa injini hiyo unajulikana kwa kulegea, na ukilegea hugonga kwa sekunde chache za mwanzo.

Nissan Skyline Coupe ya V36 naiweka ya tatu, na najua vijana watanikasirikia. Injini ya lita 3.7 ni tamu na bei yake ni ya kibinadamu. Wanaoisifia hawataji gasiketi ya karatasi iliyo nyuma ya kifuniko cha mnyororo, ambayo hupasuka na kushusha presha ya oili, na kuifikia ni kufungua nusu ya injini. Milango yake ni mirefu na bawaba hucheza mapema.

BMW 335i ya E92 ndiyo yenye mbio za kweli, ikifika 100 kwa takriban sekunde 5.5 kwa gia za mkono. Matoleo ya kwanza yenye turbo mbili yalisumbuliwa na pampu ya mafuta ya presha kubwa, kiasi cha BMW kuyaita magari hayo kwa matengenezo nchini Marekani mwaka 2010. Matairi yake ni yale yanayotembea bila upepo, kwa hiyo hakuna tairi la akiba, na mkipata pancha kubwa kati ya Lamadi na Bunda mtalala huko.

Lexus SC 430, ambayo hadi 2005 Wajapani waliiita Toyota Soarer, ina V8 na paa la chuma linalojikunja. Naipenda mno. Paa linalojikunja lina maana ya raba mara tatu, kwa hiyo inunueni ikiwa mna banda.

Za bei ya chini, kama Mercedes CLK za zamani na Toyota Celica, zipo, na Celica si gari la kifahari hata mkiipaka rangi gani.

Kuhusu bei, wauzaji wetu wana ujanja mmoja unaoniudhi kuliko yote: huongeza milioni kadhaa kwa sababu gari lina "namba E". Herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa nchini, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2009 lililosajiliwa juzi ni la 2009. Lilipoingia lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya 18, na kwa kuwa limepita miaka 10, asilimia 30 ya uchakavu. Muuzaji anawauzia ninyi uchakavu huo huo kwa jina la upya. Halafu anaandika "bei maelewano", mkimpigia anasema bei haishuki, na dalali anayewasindikiza hatua arobaini hadi kwenye gari anadai hela ya kuonyesha. Dai karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko. Ikiwa na daraja la R, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na mlango ulionyooshwa ndio mlango ambao kioo chake hakirudi mahali pake. Mimi yangu sikuidai. Niliiona baadaye, kwenye simu ya dalali yule yule, siku aliponipigia kuniuliza kama nauza.