Televisheni ya mwaka 2014: kwa nini nililipia matengenezo badala ya kununua mpya

Televisheni yetu ya sebuleni ni ya inchi 40, aina ya LED, na tuliinunua mwaka 2014. Ilipoanza kusumbua, ilikuwa na ugonjwa ambao mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaufahamu vizuri: ukiiwasha picha inatokea kwa muda mfupi sana, kisha kioo kinakuwa cheusi, huku sauti ikiendelea kama kawaida na rimoti ikiitikiwa. Baba watoto alikuwa na hoja ya maana kwamba chombo cha umeme kikishavuka miaka kumi kimelipa deni lake, na kwamba fedha za fundi zingefaa kuongezewa tununue mpya. Mimi nilitaka kwanza kujua kilichoharibika ni nini. Baada ya kulipa na kuishuhudia kazi yenyewe ikifanyika, msimamo wangu ni kwamba umri wa televisheni si swali la kwanza. La kwanza ni kama kioo ni kizima.

Kioo cha televisheni ya LED hakitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kuruhusu au kuzuia mwanga unaotoka nyuma yake, ambako kuna mikanda myembamba yenye taa ndogo ndogo za LED, na katika televisheni kama yetu kila taa imefunikwa na lenzi ya plastiki inayotawanya mwanga. Taa hizo zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo moja ikiungua na kukata njia, mkanda mzima unakosa umeme, na bodi inayozilisha taa ikigundua hitilafu inazima zote ili kujilinda. Ndiyo maana picha inatokea kidogo halafu inapotea, na sauti haiguswi kabisa. Mtu yeyote anaweza kulithibitisha hili nyumbani bila kufungua kitu: usiku, zima taa za chumba, washa televisheni, kisha imulike kwa tochi kali karibu na kioo, kwa mshazari. Ukiona watu wakitembea kwa mbali kwenye giza lile, kioo chako ni kizima na kilichokufa ni taa. Sisi tuliona maandishi ya taarifa ya habari yakipita chini ya kioo, hafifu lakini yanasomeka, na kuanzia hapo sikuwa tayari kuambiwa na mtu kwamba televisheni imekwisha.

Fundi wa kwanza aliniambia hivyo hivyo, tena bila kugusa hata skrubu moja. Aliiwasha, akaona weusi, akasema, "Mama, kioo kimekufa hiki, usipoteze hela." Kisha akanionyesha televisheni mpya zilizopangwa ukutani, akaahidi kuichukua ya kwangu kwa shilingi 40,000 na kuzikata kwenye bei. Nilipomwuliza kama amepima taa, alijibu kwamba hizi za zamani hazipimwi. Niliibeba nikaondoka nayo. Vioo haviuzwi kirahisi kama spea nyingine, na kioo kizima cha inchi 40 ni mali kwa fundi anayejua pa kukifunga. Anayekwambia kioo kimekufa bila kukipima, na papo hapo akataka kukinunua, anataka ukiuze bila kujua unachouza.

Karakana ambayo hatimaye ilifanya kazi iko ghorofani, si mbali na Mtaa wa Aggrey, na nilielekezwa na jirani aliyekwisha kuhudumiwa pale. Ni chumba chembamba chenye joto, hakina kiti cha mteja, na kelele za mtaani zinaingia zote. Kwa kazi yenyewe, hata hivyo, sina la kulalamika. Kijana aliyenihudumia alitandika blanketi mezani, akailaza televisheni kifudifudi, akafungua ganda la nyuma na kupanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa kulingana na mahali zilipotoka. Alipima kwanza umeme unaotoka kwenye bodi ya taa kwa mita, akaniambia bodi inatoa, hivyo tatizo liko mbele zaidi. Hapo ndipo kazi inapokuwa ya hatari, kwa sababu ili kuzifikia taa lazima kioo chenyewe kinyanyuliwe. Kwenye ukingo wa kioo kuna vipande vyembamba vya plastiki laini vinavyokiunganisha na bodi, na kimoja kikichanika unapata mistari ya wima isiyoondoka, ambayo karakana ya kawaida haina mashine ya kuirekebisha. Alimwita mwenzake, wakakishika kwa pembe wakiwa wamevaa glavu, wakakilaza kando juu ya kitambaa safi. Zile karatasi nyeupe za kusambaza mwanga alizitia alama ya gundi ya karatasi kwenye kona kabla ya kuzitoa, ili zirudi kwa mpangilio wake.

Kisha akaanza kugusa taa moja baada ya nyingine kwa ncha mbili za kipimio. Zilikuwa zinawaka, nyingine kwa nguvu na nyingine kinyonge, mpaka akafika kwenye moja ambayo haikuitika. "Mama, sogea uone," akasema, akaondoa lenzi yake. Katikati ya ile rangi ya manjano palikuwa na kidoa cheusi, kidogo kuliko punje ya uwele. Kidoa hicho ndicho kilichokuwa kimeizima televisheni nzima.

Alinipa njia mbili: kubadilisha taa iliyoungua peke yake kwa shilingi 25,000, au kubadilisha mikanda yote kwa shilingi 85,000. Mwenyewe alinishauri nichague ya pili, na sababu yake ilinishawishi: taa zote zimewaka kwa saa zile zile na kuvumilia joto lile lile, hivyo zile zinazowaka kinyonge ziko njiani, na kila inapoungua moja ni lazima kioo kinyanyuliwe tena. Hatari kubwa ya kazi hii ni kukinyanyua kioo, si kulehemu. Nilikubali. Alisisitiza pia kwamba mikanda mipya lazima ilingane na ya zamani kwa urefu, idadi ya taa na volti, kwa kuwa kuna taa za volti 3 na za volti 6, na mafundi wenye haraka huzichanganya. Kwa sababu hiyo kazi aliyoahidi Jumamosi ilikamilika katikati ya wiki iliyofuata, mikanda yenye vipimo sahihi ilipopatikana. Ucheleweshaji huo ulinikera, ila nisingependa aharakishe kwa kufunga isiyofaa.

Kwenye bodi ya umeme alikuta kapasita moja (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme) imevimba kichwani, akaibadilisha ndani ya bei ile ile, kisha akapunguza kidogo mkondo unaoingia kwenye taa ili zisichemke. Mikanda ya zamani na ile kapasita alinirudishia kwenye mfuko bila mimi kuomba. Waranti aliyoniandikia ni ya miezi mitatu kwa taa tu. Kuhusu kioo alisema wazi kabla ya kuanza kwamba kikipasuka mkononi mwake atanirudishia fedha za matengenezo, lakini hana uwezo wa kunilipa televisheni. Nilimheshimu kwa kusema hivyo mapema, na yeyote anayefikiria matengenezo ya namna hii anapaswa kuulizia jambo hili kabla ganda halijafunguliwa.

Upande wa fedha, televisheni mpya ya inchi 43 yenye ubora wa kulingana na hii niliikuta madukani kwa kati ya shilingi 600,000 na 750,000. Nyingine za bei ya chini zipo, lakini nyingi nilizozitazama zilikuwa na picha hafifu kuliko yetu, kwa kuwa yetu ni ya Full HD na zile ni za HD ya kawaida, ingawa kwenye boksi neno "smart" limeandikwa kwa herufi kubwa. Muuzaji mmoja alinihimiza kwa hoja ya umeme, akisema ya zamani inamaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nilikaa nikapiga hesabu. Kibandiko cha nyuma kinasema yetu inatumia wati 75, na mpya niliyoonyeshwa wati 55. Kwa saa tano kwa siku, tofauti ni uniti tatu kwa mwezi, ambazo kwa takriban shilingi 350 kwa uniti hazizidi sana shilingi 1,000. Kuirudisha tofauti ya zaidi ya shilingi 500,000 kati ya matengenezo na televisheni mpya kwa njia hiyo kungehitaji zaidi ya miaka 40. Hoja ya umeme ina uzito kwa televisheni za plasma, ambazo zinakula umeme mwingi na ambazo viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza kufikia mwisho wa mwaka 2014. Kwa LED haina uzito.

Hoja kwamba televisheni ya zamani hukosa programu za kisasa ina ukweli wake. Televisheni za zamani huachwa nyuma: mwezi Desemba 2019 Netflix ilikoma kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za miaka ya 2010 na 2011. Hata hivyo, kiboksi kidogo cha Android kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI kinaipa televisheni ya zamani programu za namna hiyo, na kinapochakaa unabadilisha kiboksi, kioo kinabaki. Vivyo hivyo kwa chaneli. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zinatazama kupitia king'amuzi, kwa hiyo uzee wa kipokezi kilichomo ndani ya televisheni hauna madhara.

Sitetei matengenezo kwa kila hali. Shemeji yangu alileta kwangu swali hilo hilo baada ya mtoto kurusha kidude cha kuchezea kikagonga kioo, pakabaki doa jeusi kama wino uliomwagika na mistari kutoka juu hadi chini. Nilimwambia asilipe hata nauli ya kwenda kwa fundi, anunue mpya, naye alinunua. Mwenye televisheni ya chogo, ile nene ya zamani, naye nisingemshauri atumie fedha nyingi, wala asiifungue mwenyewe, kwa sababu ndani yake umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomolewa.

Televisheni yetu sasa inang'aa sawasawa, isipokuwa kona ya chini kushoto ambayo ina ufifi kidogo unaoonekana skrini ikiwa nyeupe tupu. Nimeshusha mwangaza wa taa za nyuma kwenye mipangilio hadi karibu nusu, kwa kuwa joto ndilo linaloziua, na nimenunua kilinda umeme kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme uliokatika kuingia tena. Kariakoo nitarudi kwa kijana yule yule. Nimekubaliana na baba watoto kwamba bodi ya umeme ikifa tutaibadilisha mradi gharama isizidi shilingi 150,000, na siku kioo kitakapotoa mstari tutanunua mpya bila mjadala.