Mashine za saksheni za nyumbani kwa mtoto mwenye trakeostomi: ya kununua Dar, na ya kuacha dukani

Mtoto hapaswi kutoka wodini na tyubu ya trakeostomi, yaani ya kupumulia kupitia tundu lililotobolewa shingoni, kabla mashine ya saksheni, ile ya kuvuta makohozi, haijapatikana nyumbani. Tyubu imewekwa kwa sababu njia yake ya juu ya hewa imebana: pengine kuna kovu chini ya nyuzi za sauti lililoachwa na tyubu ya kupumulia aliyowekewa ICU, pengine ni papiloma, vinyama vinavyoota kwenye zoloto na kurudi kila vikitolewa. Sasa hewa inaingilia shingoni bila kupita puani, mahali inapopashwa joto na kupata unyevu, kwa hiyo makohozi yanakuwa mazito na kukauka haraka. Ndani ya tyubu ya milimita 3.5, kipande kidogo cha makohozi makavu kinatosha kuziba njia yote. Na mtoto hawezi kulia kwa sauti akamwamsha mama yake, kwa kuwa hewa inayotoka haipiti vizuri kwenye nyuzi za sauti. Ndiyo maana tunazikagua mashine hizi kwa ukali.

Katika maduka ya vifaa tiba ya Kariakoo na yale ya jirani na hospitali ya Muhimbili zinapatikana aina tatu. Ipo ya umeme wa ukutani tu, boksi la plastiki lenye mpini na chupa moja ya lita moja. Ipo yenye betri ya kuchaji, ndogo zaidi, nyingine zikija na waya wa kuchomeka kwenye gari. Na ipo ya kukanyaga kwa mguu. Tunapendekeza yenye betri iwe ndiyo mashine kuu, na ya mguu ikae pembeni kama akiba. Ya ukutani peke yake, kwa jiji ambalo umeme hukatika bila taarifa na luku huisha saa nane usiku, hatuipendekezi hata kama bei yake inavutia.

Kosa kubwa linafanyika kwenye kuchagua nguvu. Muuzaji atakusifia mashine kwa kusema, "Dada, hii inavuta mpaka 0.08, hakuna inayoishinda." Hiyo 0.08 ni megapaskali, sawa na milimita 600 za zebaki. Mtoto mdogo anahitaji 80 hadi 100 tu, na aliyekua kidogo asivuke 120. Ukivuta kwa nguvu kupita hapo, ukuta laini wa koromeo la hewa unanyonywa ndani ya matundu ya katheta, ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye tyubu kuvuta makohozi, na kuchubuka. Unaanza kuona michirizi ya damu, kisha nyama mbichi zinaota kwenye ncha ya tyubu, na njia iliyokuwa nyembamba inazidi kuwa nyembamba. Mashine zote tulizozitaja zinavuta zaidi kuliko mtoto anavyohitaji. Kinachozitofautisha ni kama zinaweza kuvuta kidogo, na kubaki hapo hapo.

Kwa hiyo angalia geji, saa ya sindano inayoonyesha nguvu ya kuvuta, kabla ya kitu kingine chochote. Geji ya milimita za zebaki ndiyo rahisi kuliko zote. Ya kilopaskali inafaa pia: lengo lako ni kati ya 11 na 13, na isizidi 16 kwa mtoto mkubwa. Taabu ni geji za megapaskali zinazokwenda 0 hadi 0.1, kwa sababu milimita 100 za zebaki ni 0.013. Kama namba zimeandikwa 0.02, 0.04, 0.06 na kuendelea, basi eneo lote utakalotumia maisha yote ya mashine hiyo liko kabla ya namba ya kwanza. Ukilazimika kununua ya namna hiyo, mwombe nesi au fundi wa vifaa tiba aweke alama ya wino mwekundu kwenye kioo, mahali pa 0.013, ili bibi au dada wa kazi naye aione usiku.

Jaribio la dukani halichukui muda. Mwambie muuzaji aunge chupa na mipira yote, si pampu peke yake. Washa. Ziba ncha ya mpira wa mgonjwa kwa kidole gumba, maana geji haisomi ukweli wakati hewa inapita. Zungusha kirekebishaji, kile kitufe cha kupunguza na kuongeza nguvu, taratibu mpaka sindano ifike 100. Achia kidole, ziba tena, rudia mara kadhaa. Sindano irudi palepale kila mara. Kwenye mashine za bei ya chini tatizo la kawaida ni kirekebishaji kinachoruka: unakigusa kidogo, sindano inatoka karibu na sifuri na kupaa hadi 0.03, ambayo ni zaidi ya milimita 220. Iache hapo dukani, hata wakikupunguzia.

Kama ni ya betri, iombe ikiwa imechajiwa, chomoa waya, kisha iache ivute huku ukiangalia saa. Nusu saa ya kuvuta mfululizo ni kiwango cha chini cha kukubalika, kwa kuwa saksheni moja ni sekunde chache na muda huo utakutosha usiku mzima wa giza. Uliza pia kama inaweza kufanya kazi huku inachajiwa. Zipo zisizoweza, na hilo utaligundua siku mbaya. Betri iliyolala bohari kwa muda mrefu bila kuchajiwa hupoteza uwezo hata kama mashine ni mpya ndani ya boksi lake.

Kuhusu mashine za mtumba kutoka Marekani: nyingi ni za volti 110. Umeme wetu ni volti 230, na mota inaungua ukiichomeka tu. Soma kibandiko cha nyuma, usitegemee umbo la plagi, maana plagi hubadilishwa. Mwenye sola na inveta akumbuke kwamba mota wakati wa kuwaka inakula umeme mara kadhaa ya ulioandikwa, kwa hiyo inveta ndogo ya taa na chaja itazima.

Hitilafu ya "haivuti tena", inayowafanya wazazi wengi wapande bajaji kurudi dukani, mara nyingi si pampu. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye chupa, ziba tundu la pampu kwa kidole. Sindano ikipanda, pampu ni nzima. Rudi kwenye kifuniko cha chupa: mpira wake wa pembeni unaozuia hewa isivuje umekaa vibaya, au boya lililo ndani limenata juu kwa makohozi yaliyokauka. Kisha angalia filta, kile kisahani cheupe kati ya chupa na pampu. Kazi yake ni kuzuia maji na vijidudu visiingie kwenye pampu, na ikilowa inajifunga kabisa. Haioshwi wala haikaushwi juani, inabadilishwa. Wapo mafundi wanaoitoa na kuunga mpira moja kwa moja. Mashine itavuta vizuri ajabu siku hiyo, na baadaye makohozi yataingia kwenye pampu na kuiua. Madhara hayo hayo yanakupata ukikosea kuunga mipira ya kifuniko, wa mgonjwa ukauweka upande wa pampu, kwa kuwa hapo unalikwepa boya linalozuia chupa kufurika. Mwaga chupa ikifika theluthi mbili, usisubiri ijae.

Chagua chupa angavu yenye mistari ya mililita. Baadhi ya mashine za betri zinaificha chupa ndani ya kasha la rangi, na kwa maoni yetu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu chupa inakuambia mengi. Makohozi yakibadilika kuwa ya kijani na yenye harufu, au damu ikizidi mchirizi mdogo, nenda hospitali. Na ukivuta ukaona maziwa au chembe za uji, maana yake chakula kinaingia njia ya hewa badala ya umio. Acha kumlisha kwa mdomo na umpeleke siku hiyo hiyo kwa waliomwekea tyubu, wachunguze anavyomeza. Hakuna saksheni inayotibu jambo hilo.

Katheta zinauzwa kando na mashine. Zidisha kipenyo cha ndani cha tyubu mara mbili: tyubu ya 3.0 inatumia katheta namba 6, ya 4.0 namba 8, ya 5.0 namba 10. Namba 6 ina kichwa cha kijani hafifu, 8 cha bluu, 10 cheusi. Ukiambiwa zimebaki nyeusi tu na mtoto wako ana tyubu ya 3.5, usichukue, katheta nene inaziba njia ya hewa wakati wa kuvuta. Nunua zenye tundu la kidole gumba pembeni, ili uingize bila kuvuta na uvute unapotoa, isizidi sekunde 10 kwa mara moja. Kina kinachotosha ni mpaka ncha ya tyubu tu, kama mlivyopimiwa wodini.

Ya mguu haina betri ya kuisha, lakini nyingi hazina geji, na ukikanyaga kwa hofu inavuta kupita kiasi. Kanyaga kidogo kidogo. Vile vipira vya kubonyeza vya pua ya mtoto mchanga havina kazi hapa. Sirinji ya mililita 50 au 60 inayoshikana na katheta, ya kuvutia kwa mkono, inastahili kuwa ndani ya mfuko wa dharura, pamoja na tyubu ya akiba ya saizi ile ile na nyingine ndogo kwa namba moja.

Usafi ni rahisi: vuta maji safi kwenye mpira kila baada ya saksheni, osha chupa kwa sabuni kila siku, kisha iloweke dakika 10 kwenye Jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, na uisuuze. Dawa hiyo ni ya chupa. Tyubu ya mtoto ifuate maelekezo ya wodini.

Uliza kama mashine imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na udai risiti yenye namba yake. Siku hiyo hiyo nunua filta za akiba na mpira mmoja wa pembeni wa kifuniko, na uhakikishe duka linauza chupa peke yake. Zipo mashine nzuri ambazo chupa yake ikipasuka huipati Dar nzima, na chupa ya mashine nyingine haikai.