Wakili mwenye ofisi Kabwe, Mbeya, aliyewashtaki wote: nyota nne

Nilipanda ngazi za ofisi hii kwa magongo, miaka miwili na miezi saba baada ya ajali. Kitu cha kwanza wakili alichoangalia ni tarehe kwenye PF3 yangu, ile fomu ya polisi ya kutibiwa. "Mama, madai ya namna hii sheria inayapa miaka mitatu tu. Umebakiza miezi mitano." Siku hiyohiyo akaanza kuandika.

Ajali ilitokea Mlima Nyoka, alfajiri, ukungu umelala mpaka kwenye lami. Fuso lilikuwa limeharibika, limeachwa barabarani bila pembetatu, nyuma yake matawi mawili tu ya mti. Coaster yetu ikaja kasi, ikalivaa. Nilikuwa nimekaa dirishani, viazi vyangu vya kupeleka Mwanjelwa viko juu kwenye keria. Mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili.

Kabla ya hapa nilishakwenda kwa mtu mwingine, simtaji. Yeye alisema nimdai mwenye Coaster peke yake kwa sababu ndiye aliyegonga. Ningemsikiliza ningebaki na karatasi mkononi: Coaster ile bima ilikuwa imekwisha na tajiri wake hana kitu.

Wakili wa Kabwe aliwashtaki madereva wote wawili na matajiri wao. Kwenye hati ya madai alipigia mstari maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", akanisomea, akaniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia ukweli, sijaelewa. Akauliza kama nimewahi kukopa kwa kikundi. Nimekopa sana. "Mwenzenu akikimbia, mkopeshaji anamsubiri?" Hasubiri. Tunalipa sisi tuliobaki, kisha tunamsaka wenyewe. "Basi mama, ndiyo hiyo."

Hukumu ilipotoka, fidia ilikuwa shilingi milioni 14. Lawama mahakama iliigawa: Coaster asilimia 70, Fuso asilimia 30. Moyo ulinishuka palepale. Nilipiga hesabu ya 30 nikaona 4,200,000 na madeni ya hospitali yakiwa bado. Wakili akanitoa nje kwenye benchi, akanieleza taratibu kwamba mgawanyo ule ni wa wadaiwa wao kwa wao. Kwangu mimi kila mmoja anadaiwa yote hadi milioni 14 itimie, ila siwezi kulipwa mara mbili. Tukakazia hukumu upande wa Fuso, na nililipwa yote.

Tajiri wa Fuso alilalamika kwamba amebebeshwa mzigo wa mwenzake. Ile 9,800,000, yaani asilimia 70 ya Coaster, ni haki yake kumdai mwenye Coaster, na sheria inamruhusu. Wakili alinisimulia kwamba Uingereza, tangu hukumu moja ya mwaka 1799, mkosaji aliyelipa yote hakuruhusiwa kumdai mkosaji mwenzake, mpaka sheria ya mwaka 1935 ilipomfungulia mlango. Kwa hiyo siku hizi Fuso hajaonewa. Mguu wangu haukuvunjika kwa asilimia 30. Kama mmoja wao hana hela, hasara hiyo waibebe waliokosea, isiniangukie mimi niliyekaa kwenye kiti nilicholipia nauli.

Ada alinitajia siku ya kwanza na kuiandika. Nililipa kwa mafungu matatu, kila fungu kwa risiti, na haikuongezeka hata shilingi.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti hakuna, wakati wateja wake wengi ni watu waliovunjika. Ashuke chini, hata chumba kimoja. Simu nayo hapokei akiwa mahakamani, na wa kumpokelea hayupo.

Ukienda, beba PF3, ramani ya ajali ya polisi, risiti zote za hospitali, na namba za magari yote yaliyohusika, hata lile unaloona halina kosa. Jumatatu foleni ni ndefu. Alhamisi mchana mara zote nilimkuta peke yake.